Tiba shufaa ni nini, na kwa nini tunaichelewesha

"Wamesema tumrudishe nyumbani." Maneno hayo yakishatamkwa katika familia ya mgonjwa wa saratani, watu huelewa jambo moja tu: hospitali imenawa mikono. Simu huanza kupigwa kwa ndugu wa mbali. Mmoja anamtaja mganga aliyemsikia, mwingine anauliza kama kiwanja kikiuzwa kitatosha nauli ya India. Na wakati huo, kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, daktari ameandika "tiba shufaa" bila yeyote kukaa na familia kuwaeleza maana yake.

Mkanganyiko huongezwa na habari za nje. Novemba 2024 wabunge wa Uingereza walipiga kura kuusogeza mbele muswada wa kuwaruhusu wagonjwa walio karibu kufa kusaidiwa kukatisha uhai wao wenyewe. Mtu anayesoma habari kama hiyo kwa haraka, kisha akasikia hospitali yake ina kitengo kinachohudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ana haki ya kuingiwa na hofu. Kwa hiyo tuanze kwa kutenganisha mambo.

Tiba shufaa, ambayo wengine huiita huduma shufaa, ni huduma ya kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia uhai, pamoja na kuisaidia familia inayomuuguza. Inashughulika na maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, kukosa usingizi, hofu, madeni yaliyotokana na ugonjwa, ugomvi wa ndugu, na maswali ya imani. Haiharakishi kifo na haikizuii. Hospisi ni kituo au timu inayotoa huduma hiyo, na hapa kwetu mara nyingi timu ndiyo inayomfuata mgonjwa nyumbani. Huduma ya mwisho wa uhai ni sehemu moja tu ya tiba shufaa, ile ya miezi, wiki au siku za mwisho. Na kumsaidia mtu kukatisha uhai wake ni jambo jingine kabisa. Halimo ndani ya tiba shufaa, na sheria za Tanzania, Kenya na Uganda haziliruhusu.

Walengwa ni wengi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 wanahitaji huduma hii kila mwaka, na kati yao milioni 25.7 wako katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Maana yake zaidi ya nusu bado wana muda. Humo wamo wenye saratani, lakini pia wamo wenye moyo ulioshindwa kazi, figo zilizochoka, Virusi vya UKIMWI vilivyofika hatua mbaya, mapafu yaliyoharibika, kiharusi, na watoto wenye selimundu ambao maumivu ya mifupa huwaamsha usiku. Shirika hilohilo linasema ni takribani asilimia 14 tu ya wanaoihitaji ndio wanaoipata.

Kosa kubwa, nadhani, ni hili la kuiweka tiba shufaa kwenye foleni, kwamba kwanza watu watibiwe, na matibabu yakigoma ndipo shufaa iingie. Inatakiwa ianze siku ugonjwa mzito unapogunduliwa, ikienda sambamba na upasuaji, mionzi au dawa za saratani. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali moja ya Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipewa matibabu ya kawaida, nusu walipewa matibabu yaleyale pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na hali bora ya maisha na msongo mdogo wa mawazo, na tena liliishi muda mrefu zaidi: wastani wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Haukuwa muujiza. Mtu asiye na maumivu anakula, analala, na anapata nguvu za kuhudhuria kliniki.

Maumivu yana tabaka

Cicely Saunders, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Jambo alilolifundisha, na ambalo huduma hii imesimama juu yake hadi leo, ni kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho, na zote zinaumiza kwa pamoja.

Chukua mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uvimbe unagandamiza mishipa ya fahamu, mguu unamwaka moto. Hayo ni ya mwili. Anatokwa na uchafu wenye harufu, mume amehamia chumba kingine, jirani haingii tena ndani, anasalimia kutoka mlangoni. Hayo ni ya jamii. Usiku anajiuliza nani atamlipia mtoto wa mwisho ada. Na kuna shangazi aliyemwambia ugonjwa huu ni adhabu ya dhambi zake. Ukimpa kidonge ukaishia hapo, kesho atakwambia kidonge hakifanyi kazi, naye atakuwa anasema kweli.

Ndiyo maana timu ya tiba shufaa huwa na muuguzi, daktari, ofisa ustawi wa jamii, na mara nyingi sheikh, padri au mchungaji. Muuguzi mzuri wa huduma hii anaweza kukaa nusu saa nzima akiuliza habari za nyumbani kabla hajagusa dawa. Familia hufikiri anapoteza muda, kumbe anatafuta yanapotokea maumivu.

Upande wa mwili, dawa hupandishwa kulingana na ukali. Maumivu madogo hutulizwa kwa parasetamoli au ibuprofeni, ingawa hii ya pili huhitaji uangalifu kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Makali huhitaji mofini. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuwaka au kama kupigwa shoti, husaidiwa na dawa nyingine kabisa, kama amitriptilini kwa kiwango kidogo. Saratani iliyoingia kwenye mfupa mara nyingi hutulizwa kwa mionzi, wakati mwingine ya mara moja tu. Hapa watu huchanganyikiwa tena. Wakisikia mgonjwa wao anapelekwa kwenye mionzi hudhani anakwenda kuponywa, na maumivu yakipungua huacha dawa zote. Ni vizuri kuuliza waziwazi: mionzi hii ni ya kuponya au ya kutuliza?

Halafu kuna suala la saa. Wengi wetu tumezoea kumeza dawa ya maumivu pale tu tunapoumwa. Kwa maumivu yasiyokoma hiyo ni njia mbaya. Mvuvi aliye kwenye ngalawa inayovuja hangoji maji yamfike magotini ndipo aanze kuyafua. Anayafua muda wote, kidogo kidogo, na chombo kinaelea. Mofini ya maji hudumu mwilini takribani saa nne, ndiyo maana hutolewa kila baada ya saa nne, hata kama mgonjwa kwa wakati huo anacheka na wajukuu. Anacheka kwa sababu ya dozi iliyopita. Mara nyingi dozi ya kulalia huongezwa ili asiamshwe usiku wa manane, na huwekwa dozi ya akiba kwa maumivu yanayochomoza katikati.

Mofini na hofu zake

Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu dawa hii ndiyo inayokataliwa zaidi, na wanaoikataa mara nyingi ni watu wanaompenda mgonjwa kuliko wote.

Hofu ya kwanza ni uteja. Katika miji yetu, Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hasa, watu wameona heroini ilichofanya kwa vijana. Mofini na heroini ni ndugu, zote asili yake ni mmea wa afyuni, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini mgonjwa anayekunywa mofini kwa kipimo, kwa saa, kwa ajili ya maumivu ya saratani, ni nadra sana kuwa teja. Mwili wake utaizoea dawa, ndiyo, na kwa hiyo haifai kuikatisha ghafla. Uteja ni kitu kingine: ni ile tamaa isiyotawalika inayomfanya mtu aitafute dawa hata inapomwangamiza. Mgonjwa ambaye maumivu yake yamepungua baada ya mionzi hupunguziwa mofini taratibu hadi akaacha, na wala haililii.

Hofu ya pili ni kwamba mofini inaua. "Bibi alipewa mofini Jumatatu, Jumanne akafariki." Simulizi kama hizo zipo kila mtaa, na aliyeyaona hasemi uongo. Ila tazama mpangilio wake: familia ilikataa dawa kwa wiki kadhaa, ikakubali siku ya mwisho bibi alipokuwa anapiga kelele, na siku iliyofuata ugonjwa ukamaliza kazi yake. Lawama ikaangukia chupa. Kadiri tunavyochelewa kuanza, ndivyo dawa inavyoonekana kuwa mjumbe wa kifo, na ndivyo familia nyingine inavyozidi kuchelewa.

Hilo halimaanishi kwamba mofini ni maji. Kiwango kikizidi, mgonjwa hulala usingizi asioamshika, mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano, na pumzi hupungua. Mwenye figo dhaifu yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo dawa ya mgonjwa mmoja hapewi mwingine, haichanganywi na pombe, na hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama, kamwe si kwa kukisia kwa kijiko cha jikoni. Siku chache za mwanzo mgonjwa atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu. Kwa wengi haya huisha ndani ya siku hizo. Ambalo haliishi ni kufunga choo, na kwa sababu hiyo anayeanzishiwa mofini aanzishiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Usipoandikiwa, uliza. Nimeona wagonjwa wakiacha mofini iliyokuwa ikiwasaidia kwa sababu tu hakuna aliyewaambia habari ya choo.

Kwa nini basi dawa ambayo si ghali haipatikani kila mahali? Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za kundi la mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini ziliambulia takribani tani 0.1. Mofini hudhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, na udhibiti huo umewafanya maofisa na madaktari wengi waiogope kuliko maumivu yenyewe. Lakini utangulizi wa mkataba uleule unasema wazi kuwa matumizi ya dawa hizi katika kutuliza maumivu hayana budi kuendelea, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa kazi hiyo. Nusu hiyo ya mkataba haisomwi.

Majirani zetu wa Uganda waliisoma. Dkt. Anne Merriman, mtawa wa zamani mzaliwa wa Uingereza aliyefariki mwaka 2025, alishiriki kuanzisha huduma za Nairobi Hospice mwaka 1990, kisha akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Alitumia njia rahisi: unga wa mofini unachanganywa na maji, unawekewa dawa ya kuzuia kuharibika na rangi ya kutofautisha nguvu, unatiwa kwenye chupa za plastiki. Kijani ni ya nguvu ndogo, waridi inazidi, na buluu ni kali zaidi. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, kwa kuwa madaktari hawatoshi na hawafiki vijijini. Serikali huitoa bure kwa mgonjwa. Sioni sababu ya kwetu kushindwa.

Mambo madogo yanayomrudishia mtu utu wake

Harufu ya kidonda cha saratani ya titi au ya mlango wa kizazi ndiyo inayowafungia wanawake wengi ndani. Inatibika. Hutokana na bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na vidonge vya metronidazo, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Flagyl, husagwa vikawa unga na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi. Muuguzi ataelekeza kiasi na mara ngapi. Baada ya siku chache wageni wanaingia tena ndani, na mgonjwa anakubali kukaa barazani. Ni dawa ya bei ya chini mno, na bado kuna wanawake wanaokufa wakiwa peke yao kwa kukosa mtu wa kuwaeleza habari hiyo.

Kukosa pumzi huogofya kuliko maumivu. Mkalishe mgonjwa, mwegemeze kwenye mito, fungua madirisha, punguza watu chumbani, mpepee usoni. Upepo unaopiga usoni hupunguza kwa kweli hisia ya kukosa hewa. Mofini kwa kiwango kidogo husaidia pia hapa. Kinywa kikavu kisafishwe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa, midomo ipakwe mafuta. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, na shuka isiwe na mikunjo.

"Msimwambie mzee"

Mtoto mkubwa humvuta daktari pembeni: "Daktari, baba usimwambie, atakata tamaa." Nia ni njema. Lakini mzee anaishi ndani ya mwili huo, anaona watoto wanaonong'ona, anaona wale wa mbali waliokuja bila taarifa. Mara nyingi anajua, naye ananyamaza ili asiwaumize watoto. Basi nyumba nzima inaigiza, na mgonjwa anabaki mpweke katikati ya watu wake. Hajapata nafasi ya kueleza shamba la Handeni ni la nani, deni gani halijalipwa, nani anataka kumwomba radhi, azikwe wapi.

Wahudumu waliofundishwa hawamwagi ukweli kama maji ya ndoo. Huuliza kwanza: "Mzee, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako? Ungependa tukueleze kiasi gani?" Wapo watakaosema, "Ongeeni na mwanangu," na hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa. Wengi huuliza zaidi. Tumaini halifi hapo, ila hubadilika: kutoka kupona kabisa hadi kuiona harusi ya binti, kuswali Idi na wanawe, kufika nyumbani kabla ya mvua.

Siku za mwisho

Inasaidia kujua dalili mapema, kwa maana asiyezijua hukimbilia gari usiku na mgonjwa akafia njiani. Mtu hulala zaidi, huacha kula, kisha huacha kunywa. Mikono na miguu hupoa na ngozi hupata madoa. Pumzi hukatika kwa muda, ikarudi. Anaweza kukoroma kwa sauti ya mate yaliyokwama kooni. Sauti hiyo huwatesa walioketi kuliko mgonjwa mwenyewe, naye akilazwa ubavu mara nyingi hupungua.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi. Mama akikataa uji, mabinti hulia kwamba atakufa na njaa, wakalazimisha kijiko, akapaliwa. Mwili unaofunga kazi zake hauwezi tena kutumia chakula, na njaa yenyewe haipo. Dripu nayo hapo huweza kuongeza uvimbe na mate kooni bila kurefusha uhai. Mpeni matone ya maji akiyataka, lowesheni midomo. Huo ndio ulishaji wa saa hizo.

Zungumzeni naye hata akiwa kimya. Kuna ushahidi kwamba baadhi ya wanaokaribia kufa bado husikia. Waislamu watamtamkia shahada na kumsomea Yasini, Wakatoliki watamwita padri kwa Mpako wa Wagonjwa mapema, akiwa bado na fahamu za kuitikia. Mofini iliyopimwa vizuri humpa mgonjwa utulivu wa kushiriki ibada hizo. Maumivu ndiyo yanayomnyang'anya.

Kwa anayeuguza mtu sasa hivi, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ina huduma hii, na hospitali za Selian, Arusha, na Muheza mkoani Tanga zimewahudumia wagonjwa majumbani. Kenya ina Nairobi Hospice na Coast Hospice ya Mombasa miongoni mwa nyingine, na hospitali kadhaa za rufaa zina vitengo vyake. Ukiwa mbali na huko, anza na mganga mkuu wa hospitali ya wilaya na umuulize maswali matatu: nani hapa anaandika mofini, tutaipata wapi ikiisha, na tumpigie nani usiku maumivu yakizidi. Andika majibu. Usiondoke na "tutaona."

Na mgonjwa akishafariki, chupa ya mofini iliyobaki irudishwe kituoni ilikotolewa. Isihifadhiwe kabatini wala kupewa jirani mwenye mgonjwa. Anayeirudisha huwa ni mtu yuleyule aliyeuguza, kwa hiyo timu nzuri humkalisha siku hiyo na kumuuliza yeye mwenyewe analala vipi, kwani huduma kwa familia huendelea hata baada ya maziko.